Walipelekwa Wapi? Kuitazama Upya Sinema ya The African Queen

Miongoni mwa sinema za vita ambazo kisa chake kimewekwa katika nchi yetu, ni chache zilizopata sifa duniani kama ile iitwayo The African Queen. Ilitolewa mwaka 1951. Mwongozaji wake alikuwa John Huston, na kisa kilitokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Wachezaji wakuu ni wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Na mwaka 1952 Bogart alitunukiwa kwa mchezo huo tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 1994 Marekani iliiingiza sinema hiyo katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Sehemu ya picha zake ilipigwa Uganda na Kongo, nchi zilizokuwa bado mikononi mwa Waingereza na Wabelgiji, na sehemu nyingine ikapigwa Uingereza. Lakini kisa chenyewe chatokea kwetu, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Basi sinema hii yatuhusu, nasi tuna haki ya kuihukumu.

Tumeiona mara mbili katika maisha yetu. Mara ya kwanza tulikuwa wanafunzi wa sekondari, katika miaka ya 1980, siku ambayo mashine ya sinema iliazimwa na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Tulicheka panapochekesha, tukanyamaza panapotisha, na manowari ya Wajerumani ilipolipuka mwishoni tulisimama juu ya mabenchi tukashangilia. Mara ya pili ilikuwa hivi karibuni, nyumbani kwetu Mabawa, mjini Tanga, pamoja na watoto wa ndugu zetu. Safari hii hatukufika mbali. Kijiji kilipokwisha kuchomwa moto na watu wake kuswagwa, binti mmoja wa kidato cha tatu alituuliza: "Baba mkubwa, wale watu walipelekwa wapi?" Tulimjibu asubiri, ataona mbele. Tukaitazama sinema mpaka mwisho, na mbele hapakuwa na jibu. Makala haya ni deni letu kwa swali lile.

Yafaa kwanza tuipe sinema haki yake, maana mhakiki asiyeona uzuri hawezi kuaminiwa anaposema ubaya. Kisa ni chepesi kusimulia. Mmisionari wa Kiingereza na dada yake, Rose, wanaishi katika kijiji cha bara. Wajerumani wanakuja, wanakichoma kijiji, na mmisionari anapatwa na wazimu na homa, kisha anakufa. Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua kuukuu ya mvuke, anamchukua Rose ili wajifiche mtoni. Ndipo yule mwanamke, ambaye hadi siku hiyo hajatenda lolote ila kupiga kinanda kanisani na kumimina chai, anapotoa shauri la ajabu: washuke na mto mpaka ziwani, watengeneze makombora kwa mitungi ya hewa na baruti, wakaizamishe manowari ya Wajerumani inayolitawala ziwa.

Uzuri wa sinema umo katika watu hawa wawili. Si vijana, si wazuri wa sura kwa namna ya sinema nyingine, na wala hawapendani kwanza. Twamwona Rose akibadilika kidogo kidogo, kutoka mwanamke aliyefungwa kifungo cha adabu mpaka nahodha mwenye amri. Twamwona Charlie akijitoa katika ulevi, si kwa mahubiri bali kwa sababu kuna mtu anayemtegemea. Rafadha inapovunjika wanaitengeneza kwa mikono yao. Mashua inapokwama katika matete Charlie anashuka majini kuivuta, naye anatoka na ruba mwili mzima. Katika visa kama hivi mtazamaji hujifunza kwamba ushujaa ni kazi, tena kazi chafu. Tuzo aliyopewa Bogart haikuwa ya bure.

Sasa turudi kijijini. Sinema yaanza kanisani. Mmisionari anaongoza wimbo, dada yake anapiga kinanda, na wanakijiji wanaimba. Lakini kuimba kwao kumefanywa kelele tupu ili mtazamaji acheke. Charlie anafika, anatupa kipande cha sigara, na wanaume wanakigombania hata ibada inavurugika. Hapo nasi katika ujana wetu tulicheka. Baada ya muda mfupi wanakuja Wajerumani na askari wao Waafrika. Nyumba zinatiwa moto, watu wanakusanywa na kuondolewa. Charlie mwenyewe anaeleza sababu: wanachukuliwa kutumikishwa vitani. Kisha kijiji kinakuwa majivu na kimya, na kamera yapanda mashuani pamoja na Wazungu wawili. Wale walioondolewa hawarudi tena katika kisa. Hatutoki na jina la hata mmoja wao, wala hatumsikii akieleza kwa maneno yake mwenyewe kilichompata.

Huenda mtu akatujibu kwamba twaidai sinema kitu isichokiahidi. Atasema: hiki ni kisa cha mapenzi ya watu wawili katika mashua, na mashua ni ndogo, msanii ana ruhusa ya kuchagua. Twakubali. Sanaa yote ni kuchagua, na sisi tutungao mashairi twajua kwamba ubeti hauwezi kubeba kila jambo. Lau sinema ingeanzia mtoni, tusingekuwa na neno. Lakini haikuanzia mtoni. Ilihitaji moto wa nyumba zile ili mmisionari afe. Ilihitaji mmisionari afe ili Rose apate hasira. Ilihitaji hasira ya Rose ili mashua ing'oe nanga. Kisa chote kimekopa kwa wanakijiji mtaji wake wa kwanza. Msanii aliyekopa kwa mtu hana ruhusa ya kusahau kwamba mtu huyo yupo. Hapo ndipo kosa lilipo, nalo ni kosa la usanii pamoja na kuwa kosa la heshima. Rose anamlilia ndugu yake mmoja, nasi twalia naye. Waliopotea wengine wote hawana wa kuwalilia.

Tena tazama ni nani wanaoijaza nafasi iliyoachwa wazi. Katika safari ile ya mtoni, mbu wanapewa nafasi yao, na kundi lao linawakimbiza wasafiri. Ruba wanapewa nafasi yao, na hakuna aliyeiona sinema akawasahau. Viboko na mamba nao wamo. Askari Waafrika wanaonekana kwa mbali, ngomeni, wakifyatua risasi kwa amri. Kwa ufupi, katika sinema ya vita iliyowekwa Afrika, wadudu wamepewa sehemu kubwa kuliko Waafrika.

Sisi wa Tanga jambo hili hatulishangai sana, kwa maana ndivyo vita vya mji wetu wenyewe vilivyosimuliwa. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya Tanga kuutaka mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuja meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Waliteremka upande wa Ras Kazone. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa na watu kama 1,000 tu, walio wengi askari Waafrika, na baadhi yao waliletwa upesi kwa reli kutoka upande wa Moshi. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, baina ya minazi, mashamba na nyumba za mji. Siku ya pili Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki nyingi, mizinga ya bombomu na risasi laki kadhaa. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800.

Ushindi ule ulipatikanaje? Jeshi lililovamia lilikuwa limechoka kwa safari ndefu ya bahari na lilikuwa na maongozi mabaya. Lililolinda mji lilikuwa na mazoezi na liliijua nchi. Hiyo ndiyo sababu. Lakini katika risi mikiki ile mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilipigwa risasi, nyuki wakatoka wakawauma watu wa pande zote mbili. Basi habari zilipofika Ulaya, nyuki ndio waliovuma. Wapo waliodai kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Mpaka leo wapo wanaoyaita mapigano yale "Vita vya Nyuki", na msikilizaji hucheka kama tulivyocheka sisi kwa kile kipande cha sigara. Askari Mwafrika aliyeshika bunduki siku ile, na sipahi wa Kihindi aliyekufa pwani ya watu asiowajua kwa ugomvi usiokuwa wake, wote wawili wamefunikwa na bawa la nyuki. Huko mtoni ni ruba; hapa mjini ni nyuki. Hadithi zinafanana kwa sababu jicho lililotazama ni moja.

Hata ziwa lenyewe lina habari kubwa kuliko iliyomo katika sinema. Manowari ya kisa ina mfano wake wa kweli: meli Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa mpaka Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ili kuwashinda Wajerumani ziwani, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ya Afrika Kusini na Kongo. Penye reli zilipanda reli. Pasipo na reli zilikokotwa nchi kavu, milimani na misituni, kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Mtu akitaka kisa cha mashua na ushujaa, basi kisa ni hicho, cha mashua iliyopita juu ya milima. Lakini katika simulizi za kizungu shujaa wa safari ile ni kamanda wake, Spicer-Simson. Waliokokota ni umati usio na majina.

Na Götzen haikulipuliwa na mtu. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha kabla ya kukimbia, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza tena kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa. Meli iliyoundwa kwa vita ikawa chombo cha wachuuzi wa dagaa, akina mama na watoto. Na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Katika riwaya ya Forester mashujaa wetu wawili hawafaulu: mashua yao yazama kwa dhoruba, na kazi yafanywa na jeshi la majini la Uingereza. Waliotengeneza sinema walibadili mwisho ili mtazamaji aondoke na furaha. Hatuwalaumu kwa hilo. Twasema tu kwamba waliweza kubadili mwisho kwa ajili ya Wazungu wawili, lakini mwanzo wa watu wa kijiji waliuacha bila mwisho wowote.

Sasa tulijibu swali la binti yetu. Wale watu walipelekwa wapi?

Wengine walitiwa katika uaskari. Walio wengi walibebeshwa mizigo. Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita vya kutembea, kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma na kuingia Msumbiji, katika nchi ambamo mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa haba. Kila risasi na kila gunia la unga vilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Na muda wote huo pande zote mbili zilitaka mabega. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yao wapagazi waliotumika katika vita hivyo wanakadiriwa kufika milioni 1, na vifo vyao, kwa hesabu za serikali yenyewe, vinakaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Na waliobaki vijijini hawakusalimika: Ugogo, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na vijana, na mvua kukosekana, iliingia njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, njaa ambayo wazee wa huko waliisimulia kwa vizazi.

Alama ya watu hao twaipita kila siku bila kuiona. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ndimi zetu zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Mwanafunzi ashukaye Kariakoo, Dar es Salaam, kununua viatu vya shule, anakanyaga penye kambi yao.

Na hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mtoto mdogo mizinga ya Fox ilipolia. Alizoea kutusimulia jinsi mama yake alivyomfunika kwa kanga chini ya kitanda, akadhani mbingu inaanguka. Kisha husema kwamba baada ya siku zile baba yake alichukuliwa kubeba mizigo. Tukimwuliza nani aliyemchukua, hujibu, "Wazungu." Hakutofautisha Mdachi na Mwingereza. Tukimwuliza alikwenda wapi, hujibu neno moja: "Bara." Hakurudi. Jina lake halikupotea, kwa kuwa ada ya pwani yetu ni kumwita mwanamke kwa jina la baba yake. Bibi aliitwa binti wa mtu yule mpaka siku tuliyomzika, na kila jirani aliyempigia hodi alimtaja na mpagazi yule bila kujua. Kisichojulikana ni alikokufa.

Habari hii tulikuwa nayo vichwani usiku ule wa miaka ya 1980, tuliposimama juu ya mabenchi tukishangilia. Tulikuwa tumeisikia katika nyumba yetu wenyewe, tena mara nyingi. Haikutupitikia hata kidogo kwamba mmoja wa wale walioswagwa katika sinema angeweza kuwa baba yake bibi. Sinema ilitufundisha mahali pa kutazama, nasi tukatazama huko. Basi tukimlaumu Huston kwa kuwasahau watu wale, tutajiitaje sisi, tuliowasahau na damu yao tunayo?

Wazee wetu wa fasihi hawakuwa hivyo. Hemedi bin Abdallah wa pwani hii hii ya Tanga alituachia utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima; humo waliopigana wana majina, na twajua nani alisema nini na nani. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani jirani na mji wetu mwaka 1909, na ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitano Waingereza waliposhuka Ras Kazone, aliandika utenzi mrefu wa vita vya 1939 hata 1945, vita ambavyo uwanja wake mkubwa ulikuwa mbali na hapa. Baina ya tenzi mbili hizo pana shimo. Vita vya 1914 hata 1918, vilivyopiganwa juu ya vizingiti vya nyumba zetu, hatujavikuta darasani katika utenzi unaofahamika kama hizo. Tumewaachia wengine wavisimulie, nao wamevisimulia kwa jicho walilokuwa nalo.

Hatusemi sinema hii ifichwe. La, mwalimu anayeweza kuipata na awaonyeshe vijana wake, maana wataona ufundi, na tena wataona jinsi ufundi mkubwa unavyoweza kukaa pamoja na upofu. Lakini afike penye kijiji kilichoteketea, aisimamishe. Awaulize wanafunzi swali la binti yetu, kisha awapeleke nyumbani kwao na daftari. Wazee walioishi nyakati zile wamekwisha; waliolelewa nao hawajesha wote. Wanafunzi waulize majina, na siyo majina tu: nani alichukuliwa, kutoka mtaa gani, alibeba nini, alionekana mara ya mwisho wapi. Atakayekuwa na kipaji miongoni mwao atapata humo mtaji wa utenzi, wa tamthiliya, au hata wa sinema, na akikopa atajua amekopa kwa nani.

Sisi tumeanza na nyumba yetu. Yule binti wa kidato cha tatu amefungua daftari, na ukurasa wa kwanza ameandika jina la baba wa bibi, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu. Chini yake ameandika kazi yake, uvuvi, na mwaka ambao kwa kukisia kwetu alichukuliwa. Mbele ya neno "alizikwa" amepiga mstari, na juu ya mstari hakuandika kitu.